Barua Saba za Jeltje

Gerlof na karatasi walikuwa hawasalimiani. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, tena bila haya. Mpe ubao, mpe randa, mpe msumari uliopinda aunyooshe, utamjua ni nani. Lakini bahasha ya manispaa aliishika kwa vidole viwili, akaiweka mezani upande wa mkewe na kusema, "Yako hiyo." Jeltje alivaa miwani, akaisoma, akajibu kilichotaka kujibiwa, akaitia kwenye faili. Mambo yakaenda hivyo miaka thelathini na minane, na Gerlof hakuwahi kuuliza faili lile lina nini.

Nyumba yenyewe aliijenga kwa mikono yake. Aliijenga pamoja na rafiki yake Wiebe, Jumamosi baada ya Jumamosi, nyumba mbili pacha zenye ukuta mmoja katikati, mwisho kabisa wa kijiji, kando ya mfereji. Gerlof seremala, Wiebe fundi umeme. Gerlof akapiga mbao za pande zote mbili, Wiebe akavuta nyaya za pande zote mbili, na hakuna aliyemdai mwenzake hata senti. Siku ya kuhamia, Jeltje alipita chumba kwa chumba na tumbo lake la miezi saba, akasema, "Haya, humu mtu anaweza kuzeeka." Gerlof hakuhitaji sifa nyingine tena maishani. Alitembea na hiyo moja.

Jeltje alifariki Novemba ya mwaka juzi, baada ya kuugua miezi minne. Bahasha zikaanza kurundikana kwenye droo ya mikate. Februari ikaja ile inayokuja kila Februari, ya kumjulisha kila mwenye nyumba kwamba nyumba yake ina thamani gani, auze asiuze, maana kodi hufuata hapo. Huku kwetu barua hiyo ni ya kulalamikiwa. Asiyelalamika huonekana ama tajiri ama mjinga. Gerlof hakulalamika, kwa sababu hakuifungua.

Mambo yaliharibika katikati ya Machi, Wiebe alipotimiza miaka sabini. Viti vilipangwa duara sebuleni kama kawaida. Unaingia, unazunguka, unampa kila mtu mkono, si mwenye siku yake tu, na kumpongeza: hongera ya mumeo, hongera ya baba yako, hongera ya jirani yako. Kisha unakaa, na ukishakaa huinuki mpaka unapoaga. Ikaja kahawa, kikaja kipande kimoja kimoja cha keki, sahani ikafunikwa. Baada ya hapo mazungumzo yakafika yanakofikaga, kwenye nyumba. Siku hizi thamani ya nyumba ya mtu yeyote unaitazama kwenye simu, na Boukje, mke wa Wiebe, alikuwa na simu mkononi na miwani puani.

"Namba kumi na sita," akasoma. "Ndio sisi. Euro laki tatu na elfu hamsini na mbili."

"Ehee! Na keki kipande kimoja!" akapaza sauti binamu mmoja. Watu wakacheka.

"Kumi na nane. Gerlof huyo." Boukje akasogeza simu mbali, akaileta karibu. "Laki tatu na elfu kumi na moja."

Duara zima likaanza kupiga hesabu.

"Elfu arobaini na moja pungufu," akasema binamu. "Gerlof, upande wako uliujenga kwa maboksi nini?"

"Ubao mzuri wote aliuweka kwangu," Wiebe akadakia, machozi ya kicheko yanamtoka. "Huyo ndiye rafiki, bwana! Yeye akalala kwenye banda!"

Gerlof naye akacheka. Angefanyaje? Lakini alipofika nyumbani alisimama kwenye korido bila kuvua koti, akiitazama dari aliyoipiga mwenyewe. Ukuta ni mmoja. Mbao ni za lori moja. Mkono ni wake. Basi nani kasema nyumba hii si kitu? Hasira ilimpanda kichwani. Akaketi, yeye Gerlof, akaandika barua kwa kalamu ya useremala: thamani mliyonipa ni ndogo, njooni mtazame tena, ipandisheni.

Wiebe alipoambiwa, aliegemea ukingo wa miti unaotenga bustani zao.

"Ngoja nielewe. Unaiomba manispaa ikuongezee kodi?"

"Naiomba iseme kweli."

"Na hutaki kuuza?"

"Niuze niende wapi?"

"Basi umerukwa na akili, ndugu yangu. Nchi nzima hii watu wanaandika barua washushiwe, wewe unaandika upandishiwe. Watakuweka makumbusho."

Haikupita wiki mbili, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya msichana, mchangamfu, mthamini wa nyumba wa manispaa. Akajitambulisha kwa jina la Renske.

"Mzee Gerlof, barua yako tumeipata. Ofisi nzima tumeisoma, nisikufiche. Ila kuna jambo linatutatiza. Kwenye faili lenu kuna barua saba za pingamizi, moja kila mwaka, na zote zinasema nyumba ni mbovu."

"Saba? Mimi hata moja sijaandika."

"Zimesainiwa na mama. Jeltje. Ndiyo maana thamani imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Tulikuwa tunamwamini."

Gerlof akakaa kwenye ngazi.

"Nitumie," akasema.

Ikaja nakala ya ile ya mwisho, kurasa mbili, mwandiko wa Jeltje ule ule wa orodha ya sokoni. Gerlof akaisoma amesimama. Waheshimiwa, alianza Jeltje, mwaka huu tena mmeikadiria nyumba yetu kama vile hamjawahi kuiona. Mume wangu ni seremala, hilo ni kweli, lakini mganga hajigangi. Kwanza, ngazi: zimesimama wima mno, na sisi wazee tunazishuka kinyumenyume kama mabaharia. Pili, mlango wa sebule: mvua ikinyesha unavimba haufungiki, na katika nchi hii mvua hainyeshi lini? Tatu, paa.

Gerlof hakufika hata mwisho wa paa. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kusimama nje kwenye baridi.

Zile elfu arobaini na moja zilimtoka kichwani papo hapo. Manispaa iseme itakalo. Alichotaka kujua sasa kilikuwa kimoja tu, na wa kumuuliza amelala nyuma ya kanisa: je, Jeltje aliipenda nyumba hii, au aliivumilia? Mtu hukaa miaka thelathini na minane akivumilia? Na akikaa, humwambii mumeo, unawaambia manispaa? Iliuma. Usiku ule na uliofuata alilala vibaya, upande wake wa kitanda, akisikiliza kama mlango wa sebule umevimba.

Akamuuliza Wiebe. Hakuwa na mwingine; mtoto wao alikuwa anaishi mbali.

"Aa, hayo ni maneno ya kodi," Wiebe akasema. "Kila mtu anaandika hivyo. Boukje aliandika kwamba bustani yetu inanuka mavi ya ng'ombe, hakukaliki."

"Inanuka?"

"Hainuki!" Wiebe akafikiri kidogo. "Labda upepo ukitoka mashariki."

"Basi aliandika kweli."

"Aliandika kweli ya upepo wa mashariki. Gerlof, acha kujitesa. Mke wako alikuwa na akili ya hesabu, alikuwa anakuokolea hela, wewe unakonda."

Lakini yeye Wiebe mke wake yu hai, anaweza kwenda kumuuliza jikoni. Gerlof alimwona ni mtu wa bahati asiyejua bahati yake, na kwa siku tatu hakumsalimia.

Renske alikuja Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa baiskeli, amelowa mvua. Alikuwa msichana mfupi, mwenye koti kubwa kuliko yeye, na kile kipimo chao kinachotoa nukta nyekundu ukutani. Akakubali kahawa, akakubali biskuti moja, Gerlof akafunika kopo, kisha Renske akatoa nakala yake ya barua.

"Tuifuate hii hii, mzee, moja baada ya moja. Ikionekana sivyo, nafuta. Ikionekana ndivyo, nabakiza. Sawa?"

"Sawa," akasema Gerlof. Hakuwa na lolote la kuificha manispaa. Ila binti huyu asiyemjua Jeltje ndiye aliyekuja kumpa majibu ya Jeltje.

Wakaanza na ngazi. Renske akapanda mpaka juu, akashuka, akapima kidato kimoja, akapima cha pili.

"Mzee, hizi ni ngazi za kawaida kabisa. Za kwa mama yangu ni mbaya kuliko hizi. Kweli mlikuwa mnashuka kinyumenyume?"

"Jeltje? Alikuwa anashuka na kapu la nguo kwapani, anaimba."

"Nafuta."

Mlango wa sebule. Mvua yote ile ilikuwa inapiga nje, siku yenyewe ya mtihani. Renske akausukuma kwa kidole kimoja, ukaenda, ukajifunga *tak*, kwa upole. Akaufungua tena, akaufunga tena kwa raha tu.

"Nafuta," akasema. "Paa. Anasema hapa: ndoo mbili darini, mchana na usiku."

"Ndoo!" Gerlof alipanda yeye mbele. Darini palikuwa pakavu kabisa. Kulikuwa na masanduku ya Krismasi, kitanda cha mtoto, na harufu ya mbao. Akapapasa boriti zake moja moja kama mtu anayesalimia ng'ombe, akaanza kucheka. "Ndoo mbili! Lo, Jeltje! Mwongo wewe!"

Wakaenda hivyo nyumba nzima. Panya kwenye ukuta: hapana. Chumba cha nyuma chenye baridi ya kugandisha maji ya glasi: nyuzi kumi na tisa kwenye kipimajoto cha ukutani. Sakafu inayolia kiasi cha kuamsha majirani: Renske akarukaruka na buti zake, sakafu kimya. Kila "nafuta" ilipotoka, Gerlof alizidi kuchangamka. Alikuwa akiongea sasa, yeye mtu wa maneno machache. Akamweleza binti jinsi Jeltje alivyokuwa akibishana na muuza samaki mpaka muuza samaki akaomba radhi. Akamweleza alivyowahi kurudisha viatu dukani baada ya miaka miwili na wakavipokea. Bila shaka! Mwanamke yule angelipa kodi bila kubishana? Aliipenda nyumba na aliichukia kodi, na manispaa ilimezeshwa ndoano miaka saba. Gerlof alijiona mpumbavu kwa usingizi alioupoteza, na alifurahi kuwa mpumbavu.

"Imebaki moja," akasema Renske walipofika jikoni. "Hii nilitaka kukuuliza toka kwenye simu. Mengine anayabadilisha. Mwaka mmoja panya, mwaka mwingine bomba. Hii imo kwenye barua zote saba, kwa maneno yale yale." Akasoma: "Dirisha la jikoni liko juu mno. Aoshaye vyombo haoni nje."

"Hiyo ndiyo futa kabisa," Gerlof akasema. "Hapo ndipo pazuri kuliko pote nyumba hii. Dirisha lile nililipima mwenyewe, kabla hata sinki halijaja. Nilisimama hapa hapa, nikatazama mfereji mpaka kwenye daraja, nikachora mstari kwa penseli. Njoo uone."

Renske akaweka karatasi mezani, akasimama mbele ya sinki. Gerlof akasimama kando yake, mahali pake pa kufutia vyombo, akatazama nje. Bata wawili walikuwa wanapita, na boti ya rangi ya kijani ilikuwa imefungwa ng'ambo.

"Umeona?"

"Naona mawingu," akasema Renske.

"Chini yake."

"Chini yake kuna ubao wa dirisha, mzee." Akajinyoosha kwa ncha za vidole, akashika ukingo wa sinki. "Naona waya wa simu. Basi."

"Mfereji je?"

"Hapana."

Gerlof alimtazama binti kichwani, palipoishia nywele zake, pakiwa sawa na bega lake yeye, na palikuwa pale pale alipokuwa akifika Jeltje. Sinki alilipima kwa kiwiko cha Jeltje, alikumbuka vizuri. Alimsimamisha na rula, wakacheka. Dirisha alilipima kwa macho yake mwenyewe.

Na kila jioni, baada ya chakula, Jeltje akiosha na yeye akifuta, alikuwa akimwonyesha. Tazama, boti ya Hylke wa ng'ambo imepakwa rangi. Tazama, korongo. Tazama, watoto wameanza kuteleza kwenye barafu. Na Jeltje, mikono imo kwenye povu, alikuwa akijibu, "Naona. Pazuri." Kila jioni.

"Alikuwa wa kimo chako," Gerlof akasema hatimaye.

Renske aliona uso wa mzee, akakawia kuandika.

"Hili nalibakiza, basi," akasema kwa sauti ya chini.

"Bakiza."

"Lakini moja tu halitashusha sana. Thamani itapanda, mzee. Umeshinda."

"Nashukuru," akasema Gerlof, akamsindikiza mpaka kwenye baiskeli yake. Kisha akarudi jikoni, akakunja magoti mpaka macho yake yakafika pale yalipokuwa ya binti. Magoti ya miaka sabini na mbili yalilia, lakini alikaa hivyo muda mrefu. Ilikuwa kweli. Wingu, waya, wingu. Alilia, na hakuona sababu ya kujizuia, maana hapakuwa na mtu.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki tatu. Wiebe, ambaye walikuwa wameshapatana bila kuzungumza, alikuwa ukingoni anangoja kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira.

"Eh? Wamesemaje?"

"Laki tatu na elfu hamsini."

"Hongera, bwana! Elfu mbili tu nyuma yangu. Hizo mbili ni za sura yangu."

"Za dirisha," akasema Gerlof. Akasoma pale chini, kwenye maelezo: "Dirisha la jikoni kuwa juu, punguzo, euro elfu mbili."

"Si haba. Dirisha moja!"

"Elfu mbili, Wiebe. Miaka thelathini na minane. Wameona ni elfu mbili."

Wiebe akaacha mzaha, akauliza polepole, "Sasa utafanyaje? Utalibomoa?"

"Nimshushie nani?"

Akaingia ndani, akavuta kiti. Muda wa pingamizi ulikuwa wiki sita, lakini hakutaka kungoja hata siku moja. Akachukua kalamu ile ile ya useremala. Waheshimiwa, akaandika, thamani mliyonipa ni kubwa mno. Nyumba hii nimeijenga mimi, kwa hiyo najua ninachosema. Punguzo la dirisha ni dogo, ongezeni. Mke wangu alikuwa na urefu wa mita moja na sentimita hamsini na nane.